Wadudu wamekula sukuma, mchicha wameuacha: tafuta kwanza kwa nini

Jumamosi ya juzi jirani yangu hapa Tegeta aliniita getini kwake. Ana matuta manne ubavuni mwa nyumba: sukuma wiki, chainizi, mchicha na matembele. Sukuma ilikuwa imebaki mishipa, na chainizi ina matundu kama chujio la chai. Mchicha, ulio hatua moja tu kutoka hapo, ulikuwa unang'aa bila tundu hata moja. Akaniuliza, "Dada, hivi hawa wadudu wana ugomvi gani na sukuma yangu?" Mkononi alikuwa na chupa ya dawa aliyouziwa kwenye duka la pembejeo, na muuzaji hakumuuliza hata mdudu anafananaje.

Swali lake ndilo swali lenyewe, na wengi wetu tunaliruka. Tunakimbilia "nipige dawa gani?" kabla ya kujiuliza kwa nini mmea huu umeliwa na ule umeachwa. Wadudu wengi wanaokula mimea wanachagua sana. Wengi wao wanakula mimea ya ukoo mmoja, au koo mbili tatu zinazokaribiana, na wana namna zao za kuutambua mmea wao: kwa rangi, kwa harufu, kwa kuukanyaga, kwa kuuonja. Ukijua mdudu amefuata nini, mara nyingi unajua pia umzuie wapi.

Kwa hiyo kabla ya kusoma dalili hapa chini, zunguka bustani yako asubuhi jua halijawa kali, uandike mambo mawili: kilicholiwa na kilichoachwa. Watu huangalia kilicholiwa tu. Kilichoachwa kinasema zaidi, kwa sababu ndicho kinachokuonyesha mpaka wa chakula cha mdudu huyo.

Na ujue koo. Sukuma, chainizi, kabichi, figiri na haradali ni ndugu. Nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili, hoho, mnafu na viazi mviringo ni ndugu. Bamia ni ndugu wa pamba, rosela na mbuyu. Mchicha uko upande mmoja na spinachi na bitiruti. Kunde na maharage wana ukoo wao, na maboga, matango na matikiti wana wao. Mdudu hafuati jina la mboga tunalolitumia sokoni, anafuata kemia, na kemia inarithiwa kwenye ukoo.

Dalili: matundu kwenye sukuma, chainizi au kabichi, mboga nyingine nzima

Geuza jani. Ukikuta kiwavi wa kijani, mwembamba, mdogo kuliko upana wa ukucha wa dole gumba, mguse kwa unyasi. Akijipinda kwa haraka, akarudi nyuma na kujidondosha akining'inia kwa uzi, umempata: ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Akiwa mchanga hatoboi jani lote. Anakula upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, kama kidirisha cha kioo. Tundu kamili huja baadaye. Mzazi wake ni nondo mdogo wa kijivu. Akikunja mabawa unaona mstari wa vialmasi vya rangi hafifu mgongoni.

Sababu ya yeye kuwa pale unaweza kuinusa jikoni kwako. Kata kabichi mbichi, kisha nusa kisu. Kuna kimwasho puani, kile kile cha haradali. Mimea ya ukoo huu huhifadhi ndani ya seli zake kemikali zenye salfa, na kando yake, katika chumba kingine, huhifadhi kimeng'enya. Jani likitafunwa, vyumba vinavunjika, vitu viwili vinakutana, na hapo hapo yanatokea mafuta makali ya haradali. Ni silaha, na kwa wadudu wengi inatosha kuwafukuza. Lakini kiwavi wa nondo huyu ana kimeng'enya chake tumboni kinachoivuruga ile kemikali kabla haijageuka kuwa kali. Kwake silaha imekuwa kengele ya chakula. Mama nondo akija jioni anaitafuta harufu hiyo hiyo, anatua, anapapasa jani kwa vipapasio, anapata uhakika, kisha anataga mayai moja moja au machache machache kwenye vibonde vya kando ya mishipa.

Jambo hili limejulikana zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Eduard Verschaffelt, alichukua viwavi wa kipepeo wa kabichi akawapa vitu ambavyo kwa kawaida hawavigusi, hata unga, akiwa amevilowesha utomvu wa mimea ya ukoo wa kabichi. Wakala. Kilichowavuta hakikuwa lishe, kilikuwa ile alama. Nikilikumbuka jaribio hilo naelewa kwa nini mchicha wa jirani yangu haukuguswa: ni chakula kizuri, lakini hauna alama.

Sasa, kwake tatizo lilikuwa kubwa kwa sababu tatu, na naziona kila mahali Dar, kuanzia matuta ya bonde la Msimbazi hadi viroba vya uani. Kwanza, alivuna chainizi akapanda sukuma pale pale, na alipong'oa sukuma ya zamani aliacha visiki vikichipua pembeni. Kwa nondo, hapo chakula hakijakatika. Pili, ilikuwa kiangazi. Mvua kubwa za masika huwaangusha na kuwazamisha viwavi wadogo. Kuanzia Juni hakuna wa kuwaosha. Tatu, tuta lilikuwa limefagiliwa, udongo mtupu, sukuma imesimama peke yake. Hili la tatu nitalirudia, maana wengi hawaliamini.

Cha kufanya: ng'oa visiki vyote, usibakishe hata kimoja kwa ajili ya "mbegu". Msimu unaofuata weka mboga ya ukoo mwingine pale, mchicha au bamia. Geuza majani mara mbili kwa wiki uwaponde viwavi kwa vidole. Kwa bustani ya nyumbani hiyo ni kazi ya dakika kumi. Ukiwa na eneo, panda mstari wa haradali pembeni. Nondo huyu huipenda kuliko kabichi, naye hutaga huko, nawe unaing'oa haradali na mayai yake kabla viwavi hawajakua.

Dalili: umepiga dawa, wiki mbili baadaye wamerudi, tena wengi zaidi

Kengele ya chakula bado inalia. Dawa imeua waliokuwepo, sukuma bado inanukia sukuma, na nondo wengine wanaruka kutoka bustani ya mtaa wa pili. Lakini kuna sababu mbili zaidi.

Moja, huenda wadudu wako wameizoea dawa. Nondo mgongo-almasi ana sifa mbaya sana kwa hili: alishaonekana kuistahimili DDT huko Java mwaka 1953, na baadaye huko Hawaii akawa mdudu wa kwanza kuonyesha mashambani usugu dhidi ya zile dawa zinazotokana na bakteria. Ukipiga chupa ile ile kila wiki unawachagua wale wasiokufa.

Ya pili, umeua marafiki. Kuna nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Nao hutafuta kwa harufu, na harufu wanayoifuata ni ya jani lililojeruhiwa. Sukuma inapotafunwa hutoa harufu tofauti na ile ya sukuma nzima, na nyigu huisoma kama anwani. Dawa kali huwaua nyigu hao pia.

Niseme jambo linaloniuma. Mboga za majani tunachuma kila baada ya siku chache, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa mara nyingi ni nyingi kuliko hizo. Mtu anapiga leo, anachuma keshokutwa, anauza. Hiyo mboga inaliwa na watoto. Kama huwezi kusubiri siku zilizoandikwa, usiipige hiyo dawa kwenye mboga ya majani. Basi.

Dalili: majani machanga yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka

Hao ni vidukari. Kwenye kunde ni weusi wanaong'aa, kwenye sukuma ni wa kijivu kama waliopakwa unga. Hawa huchagua tofauti na nondo. Kidukari mwenye mabawa hana nguvu ya kushindana na upepo, anabebwa. Anaposhuka, kinachomvuta ni rangi ya kijani yenye unjano, rangi ya jani changa. Anatua, anaingiza sindano ya mdomo kwenye ngozi ya jani, anaonja. Si mmea wake? Anaondoka. Ni wake? Anaendelea kupenyeza sindano mpaka kwenye mirija ya sukari, anatulia, na hapo anaanza kuzaa watoto hai bila dume, nao wanaanza kuzaa baada ya siku chache.

Ule mwonjo wa kwanza unachukua sekunde tu, na sekunde hizo zinatosha kuambukiza baadhi ya virusi vya mimea. Ndiyo maana unaweza kupiga dawa kwa bidii na bado majani yakapata michoro na udumavu: kidukari aliyekufa saa moja baadaye alikuwa ameshaonja.

Chunguza mbolea. Ukimwaga urea nyingi, au samadi mbichi ya kuku, mmea unatoa majani laini yenye utomvu uliojaa vijenzi vya protini, na vidukari hustawi hapo. Nimeona tuta moja la kunde nusu limejaa vidukari na nusu safi, na mstari wa mpaka ulikuwa pale pale mbolea ilipoishia. Punguza, gawa kidogo kidogo. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu, maana kidukari huona jani kirahisi likiwa limezungukwa na udongo mtupu. Waliokwisha kutua, waoshe kwa maji ya kasi asubuhi, au maji yenye sabuni kidogo. Na zuia sisimizi, maana wanawalinda vidukari dhidi ya wadudu wanaowala, kwa ajili ya ule umajimaji mtamu unaonata ambao vidukari huutoa.

Dalili: ukitikisa mmea, vitu vyeupe vinapaa kama vumbi la chaki

Nzi weupe. Nao rangi ya njano huwavuta mno. Dada mmoja wa Sinza alikuwa anapanda nyanya kwenye yale madumu ya njano ya mafuta ya kula, ameyakata nusu na kuyapanga barazani. Nilipoinama nikaona nzi weupe wametua kwenye ukingo wa dumu lenyewe, kwenye plastiki, wamejipanga kama wanaosubiri mlango ufunguliwe. Alikuwa amewawekea bango. Tulizungushia madumu viroba vya kahawia, na dumu moja tukalikata vipande, tukavipaka grisi na kuvitundika kwenye vijiti mbali na nyanya. Jioni vipande vilikuwa na madoa meupe tele. Mtego wa njano haumalizi nzi weupe, lakini unakuambia wamefika lini, na kujua mapema ni nusu ya kazi.

Kwa wenye mhogo wa kisamvu uani, jambo hili ni zito zaidi. Nzi weupe ndio wanaobeba virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia. Batobato ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 kutoka Amani, Tanga. Na hapa hapa Dar, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, TARI, kimefanya kazi kubwa juu ya virusi hivi. Mmea wa mhogo wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano, ng'oa. Usichukue pingili zake kumpa jirani, hata kama shina linaonekana nene.

Dalili: michoro ndani ya jani, kama mtu amechora kwa kalamu nyeupe

Angalia upana. Mchoro mwembamba unaojipinda-pinda kama mto kwenye ramani ni wa kidomozi, funza wa nzi mdogo mweusi na njano. Baka pana, lenye kiwavi na vinyesi vyeusi ndani, kwenye nyanya, ni kantangaze. Huyu alitokea Amerika ya Kusini na aliingia Tanzania mwaka 2014.

Kidomozi anakula mboga za koo nyingi: nyanya, kunde, bamia, tango. Kabla ya michoro utaona vidoti vidogo vyeupe vimetapakaa juu ya jani. Watu hudhani ni ugonjwa. Ni alama za kuonja: nzi jike anatoboa jani kwa nyuma ya mwili wake, anageuka, anakunywa kinachotoka. Matundu mengi ni ya kuonja tu, machache ndiyo yana yai. Ukiona vidoti bila michoro, umewahi. Chuma majani hayo uyatie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uweke juani.

Kantangaze anashika ukoo wa nyanya. Anapenda nyanya zaidi, lakini biringanya, viazi mviringo na mnafu vinamsitiri nyanya zikiisha. Kwa hiyo ukipumzisha nyanya miezi mitatu huku mnafu umejiotea ukutani, hujapumzisha kitu.

Dalili: matembele yana matundu ya mviringo, na kuna mdudu anayeng'aa kama kishaufu cha dhahabu

Huyu nampenda, lazima niseme. Ni mbawakawa mdogo mwenye umbo la kobe, na dhahabu yake hudumu akiwa hai tu. Akifa inapotea, unabaki na ganda la kahawia. Watoto wake wana miiba na hubeba magamba waliyoyavua na vinyesi mkiani kama mwavuli. Anakula matembele, viazi vitamu na ndugu zao tu. Nenda ufukwe wa Kunduchi au Kigamboni, uangalie ule mtambaa wenye maua ya zambarau unaofunika mchanga. Ni ndugu wa viazi vitamu. Kama una kichaka cha jamii hiyo kwenye uzio wako, mbawakawa wanatoka huko. Madhara yake kwa matembele ni madogo, maana yanachipua haraka. Okota, usipige dawa.

Dalili: mndimu mchanga unabaki vijiti, na juu ya majani kuna kama kinyesi cha ndege

Kinyesi hicho kinatembea. Ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali.

Kaa karibu na mndimu wako asubuhi moja yenye jua, usiwe na haraka. Kipepeo jike anakuja akipepea chini, hatulii. Anagusa jani la mpera, anaondoka mara moja. Anagusa ua, anaondoka. Akifika kwenye mndimu anatua kwenye chipukizi, na hapo anza kumwangalia miguu: ile ya mbele inapiga jani haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi. Vipepeo wa jamii hii wana vionjeo miguuni. Anapopiga anaonja kemikali za ukoo wa machungwa. Akiridhika anakunja tumbo, anaacha yai moja la manjano, dogo kuliko kichwa cha pini, anaruka kutafuta chipukizi jingine. Nililitazama hili kwa saa nzima siku moja na chai ikapoa.

Faida yake kwako ni hii: anataga kwenye majani machanga. Baada ya kupogoa, au mvua za kwanza zinapoleta machipukizi, kagua kila siku tatu. Mti mkubwa unavumilia, mwache. Mche wa kwenye ndoo hauvumilii, okota.

Dalili: mchicha wenyewe ndio umeliwa, majani yamekunjwa na kushonwa kwa utando

Kiwavi wa kijani mwenye mistari meupe, mzazi ni nondo mdogo wa kahawia mwenye mkanda mweupe mabawani. Ana chakula kingine cha ukoo huo: bitiruti, spinachi, na hasa mchicha pori unaoota wenyewe. Palilia mchicha pori kando ya ukuta, na uvune mchicha mapema kwa kung'oa, usiusubiri uchanue.

Dalili: kila kitu kimeliwa, hakuna kilichoachwa

Hapo usitafute mdudu mchaguzi. Miche iliyokatwa shingoni usiku ni kazi ya sota. Chimba udongo pembeni ya mche, utamkuta amejikunja. Mistari ya ute unaong'aa ni ya konokono, ambaye hata si mdudu. Majani yaliyomegwa pembeni kwa vipande vikubwa ni panzi. Kwa hawa tochi saa tatu usiku na ndoo ya maji vinatosha.

Dalili: nimepanda mimea ya kufukuza wadudu na haifanyi kazi

Nimeahidi kulirudia lile la udongo mtupu. Watu wananunua minti na rozimeri kwa bei ya juu wakiamini harufu itawafukuza wadudu. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Stan Finch na Rosemary Collier, waliandika maelezo mengine ambayo mimi nayaona ya kweli kila siku. Mdudu anayeruka juu ya shamba hupata harufu ya mmea wake, na harufu inamwambia tu, "shuka." Anaposhuka anatua kwenye chochote cha kijani na kuukwepa udongo wa kahawia. Kama kijani pekee ni sukuma, kila mtuo ni sahihi. Kama katikati kuna mboga nyingine, mara nyingi anatua pasipo pake, anaonja, anajaribu tena, na baada ya kukosea mara kadhaa anaondoka. Majaribio ya jinsi hii kwa nzi wa kabichi yalitumia hata mimea bandia ya karatasi za kijani, isiyo na harufu yoyote, na bado nzi walitaga mayai machache zaidi.

Kwa hiyo minti yako ya kopo moja pembeni haisaidii kwa sababu iko pembeni. Panda mchicha wa bei rahisi katikati ya mistari ya sukuma, kimo chake kikaribie sukuma wakati nondo wanakuja.

Harufu ya kufukuza ipo kweli, lakini lazima iwe ile mdudu huyo anayoichukia. Mfano mzuri uko Kenya, kwa watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Kwa ajili ya vipekecha-shina vya mahindi walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, ambayo nondo hawaipendi harufu yake, na matete pembeni, ambayo nondo huyapenda kuliko mahindi. Nondo anataga kwenye matete, kiwavi anapoanza kutoboa shina ananaswa na utomvu wenye kunata, wengi wanakufa. Mama amechagua vibaya.

Mwarobaini nao ufikirie hivyo hivyo. Mwaka 1959 huko Sudan Heinrich Schmutterer aliona nzige wameteketeza kila kitu wakaiacha miarobaini. Kilichomo kinawakatisha hamu ya kula na kuharibu ukuaji wao. Hakiui papo hapo. Watu wanapiga jioni, asubuhi wanaona viwavi hai, wanasema haifanyi kazi. Angalia majani, usiangalie viwavi: je, kuna matundu mapya? Twanga kokwa zilizokauka, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, piga jua likizama kwa sababu mwanga wa jua huiharibu.

Bado humjui mdudu wako?

Chukua bakuli pana, weka kitambaa chenye unyevu chini. Panga majani matatu ya koo tofauti, kwa mfano sukuma, mchicha na nyanya, yanayolingana ukubwa. Weka viwavi watano katikati, funika kwa kipande cha chandarua. Asubuhi angalia lipi limeliwa. Muhimu ni kuweka yote matatu kwa pamoja. Kiwavi mwenye njaa akipewa jani moja tu anaweza kulimega hata lisilo lake, nawe ukadanganyika.

Jirani yangu alifanya hivyo na viwavi wa sukuma yake. Asubuhi alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu. Sukuma ilikuwa na madirisha kumi na moja, aliyahesabu. Nyanya haikuguswa. Mchicha ulikuwa na kimego kimoja pembeni, kidogo kama punje ya mtama, na kiwavi aliyeumega alikuwa ameshahamia kwenye sukuma.